Nailoni ya Kipimahewa

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, ni adabu tu: mtu hamsemi mkubwa wake naye bado amekaa mlangoni. Inatosha msomaji ajue kwamba ni nchi iliyojaaliwa kila kitu, na kwamba kila kilichojaaliwa kina mamlaka yake. Mito ina Mamlaka ya Maji. Jua lina Mamlaka ya Mwanga. Hewa, kwa kuwa ilionekana ni nyingi mno kwa mkurugenzi mmoja, ilikatwa vipande viwili. Iliyomo ndani ya nyumba ikapewa Idara ya Hewa ya Ndani, na iliyobaki yote, kuanzia kizingiti cha mlango hadi mbinguni, ikapewa Mamlaka ya Hewa ya Nje. Huko ndiko nilikoajiriwa mimi, Kondo bin Mrisho, kwa cheo cha Msomaji wa Kipimo, Daraja la Tatu.

Nataka nieleze kwa unyoofu yaliyotokea mtaani kwetu Jivuni. Watu wamekwisha kusema mengi, na mengi ya hayo ni kweli, jambo ambalo limeisikitisha sana Mamlaka.

Kipimahewa chetu tulipewa na wahisani miaka tisa iliyopita. Siku ya kukipokea bendi ilipigwa, ng'ombe alichinjwa, na mashine ikateremshwa kwenye lori ikiwa imevikwa nailoni nzito inayong'aa, imebanwa kila upande hata sisimizi asingepata pa kupenya. Mkurugenzi Mkuu wetu, Mheshimiwa Dakta Ngongoti, aliipapasa nailoni ile kama anayepapasa shavu la mtoto mchanga.

"Ole wake atakayeitoa," alisema. "Kitu cha serikali hiki. Mnataka kiingie vumbi?"

Msomaji asicheke. Aangalie kwanza nyumbani kwake. Makochi yana nailoni tangu siku ya harusi, na wageni wakikaa yanapiga kelele. Rimoti imefungwa nailoni mpaka vitufe havisomeki. Gari la shemeji lina mwaka wa sita na viti vyake havijawahi kugusana na makalio ya mtu. Sisi ndivyo tulivyolelewa, kitu kipya hakivuliwi nguo. Basi kipimahewa kikasimikwa juu ya jukwaa la zege katika uwanja wa ofisi yetu ndogo ya Jivuni, kikaunganishwa umeme, na nailoni yake mwilini kikaanza kupima.

Kilipima hewa iliyokuwemo ndani ya nailoni. Hewa hiyo ilifungwa pamoja nacho huko kilikotengenezwa, katika nchi ya theluji, na kusema kweli ilikuwa hewa nzuri sana. Kiooni ikatokea namba nne. Kwa kanuni zetu, chini ya kumi ni hewa safi, na kumi kwenda juu ni hewa chafu. Ikasoma nne siku ile, ikasoma nne kesho yake, ikasoma nne masika na kiangazi kwa miaka tisa. Nchi jirani zilipanda zikashuka. Sisi tulikuwa nne. Tukapewa tuzo mbili za uthabiti.

Kitabu cha maelekezo kilikuja kwa lugha ya wahisani, kikapelekwa kwenye Kamati ya Tafsiri, ambayo hadi leo iko ukurasa wa pili. Ukurasa wa tatu, nasikia, unahusu nailoni.

Kazi yangu ilikuwa kuipangusa nailoni kila asubuhi kwa kitambaa kibichi, ili namba ionekane, kisha kuiandika kitabuni. Maji ya ndoo yaligeuka meusi kama yaliyooshewa sufuria la shughuli. Niliwahi kuuliza kwa barua kama weusi huo nao uandikwe. Nikajibiwa kwa barua kwamba kilichomo ndooni ni maji, na maji yana mamlaka yake.

*

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kipimahewa, kipo kiwanda cha Mwekezaji, ambacho huchoma matairi chakavu ili kupata mafuta na nyaya. Moshi wake ni mzito, mweusi, na mvivu. Hupanda hatua chache, huchoka, kisha hushuka kupumzika Jivuni. Kibali cha kiwanda kinasema wazi kwamba moshi utaelekea juu. Kwa hiyo ule unaoshuka hauna kibali, na kiwanda hakiwezi kulaumiwa kwa moshi usio na kibali chake.

Tulikikagua mara moja kwa mwaka. Tuliwapa taarifa ya mwezi mzima ili tusiwashtue. Tulipofika tulikuta tanuri zimezimwa, bomba limefungwa utepe, na pilau liko tayari. Ripoti zetu zote zinataja harufu ya iliki.

Siku ya kupokea tuzo ya pili, Dakta Ngongoti alihutubia wananchi wa Jivuni. Nakumbuka maneno yake, maana tulilazimishwa kuyakariri.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaonong'ona kwamba hapa pana moshi. Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Hawakusema pana uchafu! Na moto ni nini? Moto ni viwanda. Na viwanda ni nini? Ni maendeleo! Kwa hiyo mnapokohoa, ndugu zangu, kohoeni kwa fahari. Wapo watu katika nchi nyingine wanakohoa bure, hawana hata kiwanda!"

Tulipiga makofi. Waliokuwa wakikohoa waliandikwa kuwa ni washangiliaji.

*

Jirani yangu ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mwajabu, dobi wa mtaa. Alifua mashuka ya nyumba za wageni, kanzu za Ijumaa, na mashati yangu meupe ya kazini. Nilipofiwa na mama nikiwa na miaka kumi, huyu ndiye aliyenipa ugali bila kunihesabia matonge, kwa hiyo namwita mama na sijakosea. Mume wake, Mzee Feruzi, alikuwa fundi viatu na muadhini wa msikiti wetu mdogo. Zamani, kabla ya kipaza sauti, adhana yake ilifika hadi sokoni, na wauza samaki walifunga meza zao kwa kuifuata. Mwaka huu ninaousimulia hakuweza kumaliza hata neno "karibu". Aliligawa vipande vitatu, na katikati ya vipande alifunga macho.

Daktari wa hospitali, binti mmoja mpole, alimwambia Bi Mwajabu kwamba kifua cha mzee kinataka mtungi wa oksijeni, awe nao nyumbani, bila hivyo hafiki mwezi wa mfungo. Mitungi ilikuwepo, imepangwa ukutani, mingine ingali na nailoni yake. Hutolewa bure kwa mgonjwa yeyote anayeishi penye hewa chafu, mradi Mamlaka ithibitishe kwenye Fomu ya Pumzi.

Bi Mwajabu akaja ofisini kwangu na fomu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nijazie hii, gari la mkaa linanisubiri."

Niliisoma fomu kwa makini kama nilivyofunzwa. "Mgonjwa yuko wapi, mama?"

"Kitandani."

"Na kitanda kiko wapi?"

"Ndani, Kondo. Ulitaka kiwe wapi, juu ya mnazi?"

Nikamweleza taratibu kwamba mtu aliye ndani ya nyumba havuti hewa yetu, anavuta hewa ya Idara nyingine, na mimi siwezi kuandika habari za hewa ya watu. Alinitazama kama anayetazama shati lililogoma kutakata. Akaenda Idara ya Hewa ya Ndani. Huko aliambiwa kwamba hewa ya chumbani kwake iliingia kwa dirisha, hivyo ni mgeni tu, na mgeni huandikwa kwao. Akarudi. Nikamshauri amtoe mzee barazani. Kumbe baraza lenyewe lina mgogoro wa mpaka baina ya taasisi hizi mbili tangu kuundwa kwake, na hakuna afisa anayeruhusiwa kukanyaga.

Basi Mzee Feruzi akabebwa hadi uani, akalazwa kwenye kitanda cha kamba, chini ya kamba za kuanikia nguo. Nilipima hatua saba kutoka kizingitini, nikaridhika kwamba ni wetu. Masizi yalikuwa yakimwangukia kwenye ndevu, moja moja, bila haraka.

"Kondo," aliniita. Nikainama, maana sauti yake ilikuwa imeishia kooni. "Umeandika... ngapi?"

"Nne, mzee. Safi."

"Nne... ni nzuri?"

"Ni nzuri sana, mzee. Kuna nchi zinaitamani."

Akakaa akiitafuta pumzi. Alipoipata alisema, "Basi... mbona... siipati?"

 Kwenye fomu hakukuwa na sehemu ya swali hilo. Hospitali waliisoma nne yangu, wakamrudisha Bi Mwajabu mikono mitupu, kwa sababu anayekaa penye hewa safi hawezi kuumwa na hewa. Karani alimshauri aangalie kama mumewe hana majonzi.

*

Mwanamke mwingine angekaa akalia. Bi Mwajabu alikwenda akafua shuka.

Alilifua asubuhi, vipande viwili vya sabuni na buluu kidogo, akalianika uani juu ya mumewe. Baada ya saa tatu akalianua, akalikunja, akapanda nalo hadi makao makuu ya Mamlaka. Ghorofa ya sita, mbele ya Dakta Ngongoti na wageni wake, akalitandaza juu ya meza kubwa ya mkutano. Nilikuwepo, nimepeleka vitabu vya mwezi. Shuka lilikuwa la kijivu, lenye madoa meusi yenye mafuta, isipokuwa sehemu mbili ndogo zilizobanwa na vibanio. Hapo palikuwa peupe kama maziwa.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi kusoma sikusoma. Lakini hili nimeliosha leo. Wewe uliyesoma, lisome."

 Nilimwona Dakta Ngongoti akiyatazama yale madoa mawili meupe, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtu. Kisha akakohoa, akajirekebisha tai, akaunda kamati.

Kamati ya Shuka ilikaa siku nne. Iligundua kwamba kitambaa chochote cheupe kikiwekwa nje hubadilika kulingana na hewa; kwamba kitu kinachobadilika kulingana na hewa ni chombo cha kupima hewa; na kwamba Bi Mwajabu, kwa hiyo, amekuwa akiendesha kituo cha kupima hewa bila leseni tangu siku aliyoolewa. Kuhusu matokeo ya shuka, kamati iliona hayaaminiki, kwa kuwa lilipimwa bila nailoni.

Ndipo ukatoka Waraka Namba Saba: ni marufuku kitambaa cheupe kuonekana nje bila leseni ya Mamlaka, na leseni huombwa siku kumi na nne kabla.

Msomaji ambaye hakuwa Jivuni msimu ule amekosa mambo. Makoti ya madaktari yalitiwa rangi ya kahawa. Ijumaa watu waliswali na kanzu za kijani na za damu ya mzee. Wanafunzi walishonewa mashati ya rangi ya udongo, na walimu walisema afadhali. Mbuzi mweupe wa Bwana Chuma, muuza mkaa, alipewa wiki mbili za kujirekebisha. Wazee wenye mvi waliombwa kwa heshima zote wavae kofia. Dakta Ngongoti alitangaza redioni kwamba, tangu Waraka utoke, malalamiko ya nguo kuchafuka yamekwisha kabisa.

Bi Mwajabu aliyarudisha mashuka ya watu na kazi ikaisha. Kamba zake zikabaki tupu juu ya kitanda cha mumewe, na kwa kuwa sasa hapakuwa na shuka la kuyadaka, masizi yote yalimshukia mzee.

*

Alinijia asubuhi moja nikiwa napangusa. Alisimama nyuma yangu akiangalia maji ya ndoo.

"Kondo."

"Naam, mama."

"Hiyo nailoni. Itoe."

"Mama, hii ni mali ya serikali."

"Na Feruzi ni mali ya nani?"

Nikamwambia kwamba nina watoto watatu. Nikamwambia habari za ole wake atakayeitoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Mimi sikuombi useme uongo," alisema. "Nakuomba mashine ya serikali iseme yenyewe. Usiku kucha namkalisha, namshika mgongo, avute. Anavuta kama anayevuta ndoo kisimani na kamba fupi. Jana aliniambia nimwache alale. Nimwache, Kondo? Niambie wewe uliye msomaji."

Niliogopa. Sitajipamba hapa.  Lakini nilikumbuka matonge ambayo mama huyu hakuyahesabu, na mfukoni nilikuwa na wembe wa kuchongea penseli.

Nilipokata, nailoni ilitoa pumzi moja ndogo, baridi, ikatupiga usoni wote wawili. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa hewa isiyo na harufu yoyote. Miaka tisa niliilinda na sikujua ilivyo. Bi Mwajabu alifunga macho, akavuta, kisha uso ukamharibika.

"Yallah," alisema. "Ningejua, ningemleta Feruzi avute japo hii."

Namba kiooni ilikaa nne kwa kitambo, kama mtu aliyeamshwa ghafla. Ikawa thelathini na nane. Ikawa mia na sabini. Ikakimbia nisiweze kuifuata, ikasimama kwenye mia tisa tisini na tisa na kuanza kuwaka na kuzima, kwa sababu mashine haikuwa na namba nyingine. Niliiandika kitabuni. Niliiandika kwenye Fomu ya Pumzi, nikaipiga muhuri, wino ukatapakaa. Bi Mwajabu aliinyakua na kukimbia, kandambili moja akaiacha pale pale.

Yaliyotokea hospitali alinisimulia baadaye, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya nguo. Karani alikuwa anainakili fomu kwenye daftari la mitungi. Daftari lile, kwenye safu ya hewa, lilikuwa na kisanduku kimoja tu cha tarakimu moja, kwa kuwa lilichapishwa na watu walioijua nchi.

"Mama, hapa mmeleta tisa tatu," karani alisema. "Inaingia moja."

"Zote tatu ndizo hewa."

"Nimekuelewa. Nakuuliza niandike ipi."

"Zina tofauti?"

"Hapana. Zote ni tisa."

Akaandika tisa. Kisha akatazama kanuni ukutani, akasema kwamba hali imepanda kidogo lakini bado iko chini ya kumi, ni safi, mzee ajitahidi. Yule daktari binti alipoona, alitoka nje akalia, kisha akarudi, maana foleni ilikuwa ndefu.

*

Kesi yangu ilisikilizwa kesho yake, mbele ya wajumbe wa Mamlaka. Mashitaka yaliposomwa, kwamba mimi Kondo bin Mrisho nimechafua hewa, watu wa viti vya nyuma walicheka kwa mawazo yao wenyewe. Dakta Ngongoti hakucheka.

"Miaka tisa," alisema, akivinyanyua vitabu vyangu kimoja kimoja. "Nne. Nne. Nne. Maandishi ya nani haya?"

"Yangu, Mheshimiwa."

"Ulikuwa unaongopa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi hewa ilikuwa safi mpaka saa mbili na robo ya jana. Saa mbili na robo kikatokea nini?"

"Nilikata nailoni, Mheshimiwa."

"Na hewa ikawa ngapi?"

"Mia tisa tisini na tisa."

Akawageukia wajumbe, akafungua mikono. "Ndugu zangu, nchi nyingine hutafuta mchafuzi kwa miaka na miaka. Sisi tumempata siku ya pili, na amekiri."

Nikihesabu, hoja ilikuwa imenyooka. Mpaka leo naitafuta ilipopinda; kazini sikufukuzwa, na watoto wangu bado wanakula. Nilihukumiwa kuiomba radhi hewa hadharani, katika uwanja wa mpira, uso ukielekea juu. Niliomba. Hewa haikujibu, na katibu aliandika kwamba imeridhia.

Kipimahewa kilivikwa nailoni mpya, mbili. Ili ndani kusibaki hewa niliyoichafua, kiliviringishwa kwa mkokoteni hadi makao makuu, kikafungiwa nailoni hizo katika ofisi ya Mkurugenzi Mkuu, ambayo ina kiyoyozi na madirisha yasiyofunguka. Kwa kuwa hewa hiyo ilikuwa ya ndani na ingekwenda kufanya kazi nje, taasisi mbili zilitia saini mkataba wa kuiazimana, na picha zikapigwa. Kiliporudishwa Jivuni kilisoma nne. Mimi nilishushwa nikawa Afisa wa Vitambaa Vyeupe, Daraja la Nne.

*

Mzee Feruzi alifariki Alhamisi, adhana ya adhuhuri ikiendelea kwenye kipaza sauti. Bi Mwajabu anasema midomo yake ilikuwa ikiifuata, na kwamba alifika nusu.

Cheti kilitoka upesi. Kwenye sababu ya kifo pameandikwa: *Marehemu aliacha kupumua, ilhali hewa ilikuwepo.* Wino ni wa Mamlaka.

Maiti akaoshwa, akakafiniwa. Sanda ilikuwa shuka lake Bi Mwajabu mwenyewe, lililobaki chini kabisa ya kasha, alilolitunza bila hata kulianika. Waliokuwa wakimsubiri mlangoni walikuwa wengi, wamevaa kanzu za kila rangi. Nami nilikuwa mlangoni, kikazi.

"Kondo," aliuliza Shehe Makame, imamu wetu, "una nini tena?"

"Sanda, shehe. Ni nyeupe."

"Ulitaka iwe ya maua?"

"Inahitaji leseni. Siku kumi na nne."

"Maiti hakai siku kumi na nne!"

Nilijua hakai. Nikampigia Mkurugenzi Mkuu, mbele ya watu wote, simu ikiwa kwenye spika. Shehe akaeleza kwamba jeneza litafunikwa kwa guo la kijani mpaka makaburini. Dakta Ngongoti akaafiki, lakini akakumbusha kwamba kaburini maiti hushushwa na sanda yake tu, na kaburi, kwa bahati mbaya, liko nje.  Kisha sauti yake ikaja na furaha ya mtu aliyepata ufumbuzi.

"Serikali haiwezi kumwacha mwananchi wake. Kondo! Ile nailoni uliyoikata, si iko stoo? Mpeni. Mwambie mjane ni zawadi. Ila isitolewe mpaka udongo ufunike."

Na udongo ukishafunika nani atarudi kuitoa?

Niliileta. Nilikuwa nimeuziba ule mchano kwa gundi ya karatasi, kwa mkono wangu, siku ya kuikabidhi kama kielelezo. Ilimtosha. Shehe Makame aligeuza uso ukutani. Hakuna aliyetaka kuishika, basi nikamvisha mimi, maana ilikuwa ndiyo kazi yangu, nikaanza miguuni. Nailoni ilikuwa ikipiga kelele kama kochi.

Bi Mwajabu alikuja akasimama karibu yangu. Nilingoja anitukane. Laiti angenitukana.

"Mfunge vizuri, mwanangu," alisema. "Asiingie vumbi."

Tulipita mbele ya kiwanda, tukapita mbele ya kipimahewa na nailoni zake mbili. Makaburini, kabla ya kumshusha, guo la kijani lilipotolewa, masizi yalianza kumtua kifuani. Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoa kitambaa, nikampangusa, kama nilivyopangusa kila asubuhi kwa miaka tisa. Ndani sanda ilikuwa nyeupe pepepe. Nilijikuta nimeinama, natafuta namba.

Jioni nilirudi ofisini kuandika ripoti ya msafara. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja, *Hali ya hewa wakati wa mazishi*. Nilikaa nacho mpaka wenzangu wakafunga madirisha. Kisha nikaandika nne.